Fani Zote Zinaanza na U

Jumatatu, 2 Machi

Leo fomu yangu imefunguliwa. Nimeandika "yangu" na sijutii. Chuo cha ufundi kimeachana na foleni za dirishani. Anayetaka kujiunga anajaza kwenye simu au kompyuta, popote alipo, na aliyeitengeneza fomu hiyo ni mimi, mwajiriwa wa muda mpaka muhula utakapoanza. Nimepewa kichumba nyuma ya ofisi ya Mkuu wa chuo: meza moja, kiti chenye mguu mfupi, na feni inayolalamika kuliko inavyopuliza. Sijawahi kukipenda chumba kama ninavyokipenda hiki.

Asubuhi nilimwonyesha Mkuu. Kilichomvutia zaidi ni pale pa kuchagua fani: unagusa mstari mmoja, orodha inashuka, unachagua, inajifunga. Akauliza nimezipanga kwa kufuata nini. Nikamwambia kwa alfabeti, kama kamusi, ili asipatikane wa kulalamika. Akasogeza miwani, akasoma kwa sauti: Uashi, Uchomeleaji, Ufundi Bomba, Ufundi Magari, Umeme, Upakaji Rangi, Upishi, Useremala, Ushonaji, Utengenezaji Simu. Akacheka mpaka akashika meza. Fani kumi, na zote zinaanza na U. Akaniuliza hiyo alfabeti imefanya kazi gani hapo. Nami nikacheka, ingawa usingizi nilioupoteza kwa ajili ya fomu hii naujua mwenyewe.

Mama mdogo alipita dirishani na ndoo ya mchanga. Ni mdogo wake mama, ndiye ninayeishi kwake, na hapa chuoni ni mwalimu wa uashi, mwanamke pekee katika karakana za upande wa ujenzi. Akauliza kama kuna aliyekwisha kujaza. Nikamjibu wapo. "Wa umeme hao," akasema, akaenda zake.

Jumanne, 3 Machi

Joto. Nafungua ukurasa wa majina kila baada ya dakika chache kama mtu anayefunua sufuria ya maharage.

Alhamisi, 5 Machi

Uashi unaongoza. Niliangalia mara mbili, nikatoka nje, nikanywa maji, nikarudi nikaangalia tena. Unaongoza kwa mbali, umeme unafuata nyuma ukihema.

Lazima nieleze kwa nini jambo hili ni kubwa. Mwaka huu Mkuu amewatangazia walimu kwamba darasa ambalo halitafika nusu ya viti vyake siku ya kufunga usajili halitafunguliwa, na mwalimu wake atapelekwa stoo kugawa vifaa. Kila mtu alijua anamsema nani. Mihula miwili iliyopita uashi ulifunguliwa kwa huruma tu. Mama mdogo hajawahi kulitaja jambo hilo nyumbani, lakini nimemwona anavyokunja khanga anaporudi kutoka kwenye vikao, anaikunja kana kwamba inamdai.

Nilimfuata karakana. Alikuwa amepiga magoti akipima ukuta wa mazoezi kwa pimamaji. Nilipomwambia, hakugeuka. Aliendelea kutazama kile kipovu cha hewa ndani ya kioo mpaka kikatulia katikati, ndipo akaniambia nirudie. Nikarudia. Akainuka, akapangusa mikono, akaenda kukaa juu ya matofali, akajifunika uso kwa viganja vyenye saruji. Alipoviondoa alikuwa mweupe kama aliyepakwa poda, na anacheka.

Jumapili, 8 Machi

Mama mdogo anaimba jikoni. Sikujua kama anajua kuimba. Hajui.

Jumatatu, 9 Machi

Ameomba viti vya ziada kutoka ukumbini. Ameomba mchanga, na Mkuu ametoa. Lori zima limemwagwa nyuma ya karakana. Ananyoosha vishikio vya miiko ya kujengea mmoja mmoja. Kwenye korido anatembea katikati, yeye aliyezoea kutembea pembeni.

Mwalimu wa useremala alinisimamisha mlangoni. Wanafunzi wanamwita Msasa, kwa sauti yake na kwa tabia yake. Aliniuliza, bila salamu, kama orodha yangu ina undugu. Nikasema sielewi. Akasema anaelewa yeye: mwalimu wa uashi ni mama yangu mdogo, uashi uko wa kwanza, na uashi unafurika. Nikamwambia iliyopanga ni alfabeti. Akanitazama kama anavyotazama ubao wenye vifundo, akaondoka.

Namchukia. Nimeandika hivyo ili nisije nikasahau.

Jumanne, 10 Machi

Uashi umejaa. Bado wanaingia.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekwenda kumshukuru Bwana Kopi. Ndivyo tunavyomwita mwenye duka la kutoa nakala mbele ya geti la chuo. Wasio na simu nzuri, au wasiojiamini, wanajaziwa fomu kwake, na wamejaa mpaka nje. Ana vidole vinavyokimbia kuliko macho yangu. Jina, tarehe ya kuzaliwa, simu, tuma, anayefuata. Nilisimama pembeni nikimshangaa kama anayetazama mpira. Nikawaza: huyu ndiye mkono wangu wa kulia.

Nimerudi ofisini, simu inalia. Baba mmoja, mpole, anaomba radhi kwa kusumbua. Binti yake alitaka kushona. Amepokea ujumbe kwamba amesajiliwa, lakini neno lililoandikwa wamelijadili nyumba nzima bila kulielewa.

"Mama yake alisoma uasi," alisema. "Akaanza kulia. Anauliza huko chuoni mtamfundisha mtoto kumwasi nani."

Nikamweleza kwamba ni uashi, kazi ya kujenga kwa matofali. Kisha akauliza, kwa adabu ileile, kama binti yake alichagua hilo, au kuna aliyemchagulia. Nikamwuliza binti alijazia wapi. Kwa Bwana Kopi.

Nilifungua fomu yangu mwenyewe, kama mgeni, kwa mara ya kwanza tangu niitengeneze. Nikajaza jina. Nikajaza tarehe. Nikafika kwenye fani, na pale, kabla sijagusa kitu, palikuwa pamekwisha kuandikwa: Uashi.

Sikuacha mstari mtupu juu. Orodha ikifunguka bila mstari mtupu, fani ya kwanza inajichagua yenyewe. Anayepita haraka, anayeogopa kugusa, asiyejua kwamba pale panafunguka, wote wamekwenda uashi.

Ijumaa, 13 Machi

Nimewatazama tena wote waliojisajili. Fomu huhifadhi kama mtu aliifungua orodha au la. Wengi wa wanafunzi wa mama mdogo hawakuifungua.

Niliweka mstari mtupu unaosema "Chagua fani yako", na bila kuchagua fomu haiendi. Kazi ya dakika tano. Nimemwambia Mkuu, akashika tama, halafu akauliza kama mwalimu wa uashi anajua. Nikasema nitamwambia mimi. Mchana mama mdogo aliniletea nusu ya chakula chake kwa sababu naonekana sili.

Jumamosi, 14 Machi

Nimemwambia.

Jumamosi chuo hakina watu. Tulikuwa nyuma ya karakana tunachekecha ule mchanga wa lori, mimi upande huu wa chekeche na yeye ule, tunasukuma na kuvuta. Alikuwa akinieleza atakavyowagawa: kundi la asubuhi na kundi la jioni, na kwamba ataanza na kuta fupi ili kila mmoja aone kazi yake imesimama kabla ya wiki kwisha. Nilingoja amalize. Hakumaliza. Nikamkatiza.

Nilimweleza yote, kuanzia mstari mtupu mpaka baba wa yule binti. Alikuwa anasukuma na kuvuta, nami nililazimika kusukuma na kuvuta naye, na mchanga ulikuwa ukishuka kati yetu.

"Kwa hiyo hawakunichagua," alisema.

"Hawakuchagua chochote, mama mdogo."

"Hata wale walioona ukuta wa kituo cha afya?"

Sikujua habari hiyo. Kumbe alikuwa amejipa maelezo: ule ukuta alioujenga na wanafunzi wake mwaka jana mbele ya kituo cha afya, watu wameuona, wameuliza ni wa nani, ndiyo maana wamekuja. Alikuwa amekwenda kuutazama Jumapili, peke yake.

Nilitamani anigombeze. Hakunigombeza. Tulichekecha mpaka rundo likaisha, akaweka chekeche chini, akapiga viganja kuvikung'uta.

"Wapigie simu," akasema.

"Nani?"

"Wote. Na mimi nitakaa hapo hapo nipige. Mtu ambaye kidole chake hakikufanya kazi siwezi kumpa mwiko."

Jumatatu, 16 Machi

Tunapiga simu. Meza yangu moja, sisi wawili, majina mbele yetu. Nilidhani itakuwa siku ya msiba. Haikuwa.

Mama mdogo ana sauti ya simu ambayo sikuwahi kuisikia, laini, ya kumtuliza mtu. Anajitambulisha, anauliza: wewe mwenyewe ulitaka kujifunza nini? Halafu ananyamaza. Huwaacha watu waseme, na watu wanasema. Mmoja alitaka magari tangu utotoni. Mmoja hakujua anataka nini, akaomba apigiwe kesho akiwa ameshafikiri. Kijana mmoja aliuliza kama uashi unafanyikia kivulini. Mama mwenye watoto wanne alisema aachwe hapohapo, hajui uashi ni nini ila sauti ya mwalimu ameipenda. Mama mdogo akacheka, akamwambia aje kwanza aone, asiolewe kwa simu.

Na jioni, mwanamume mmoja akasema yeye aliufungua mstari, akasoma fani zote, akarudi juu, akauchagua uashi kwa makusudi kwa sababu baba yake alikuwa mwashi. Mama mdogo alifunika simu kwa kiganja, akanitazama, macho yanang'aa kama ya mtoto aliyeokota kitu.

Alhamisi, 19 Machi

Tumemaliza. Uashi umebaki na watu wa kukaa benchi moja na nusu. Mvua imeanza.

Jumatatu, 23 Machi

Kikao cha walimu kuhusu orodha. Nitakikumbuka nikiwa bibi.

Sasa kila mtu anajua kwamba nafasi ya juu ina uzito, hata ukiwepo mstari mtupu: kwenye simu ndogo orodha inaonyesha fani tano, zilizobaki mpaka ushushe kidole. Mwalimu wa umeme akataka zipangwe kwa wingi wa ajira. Wa upishi akataka zipangwe kwa umri, kwa kuwa jiko lilikuwapo kabla ya chuo. Wa simu, ambaye yuko mwisho kabisa, akasema orodha igeuzwe kichwa chini kila wiki. Wakaanza kusemeshana kwa pamoja. Mkuu aligonga meza kwa kalamu, kalamu ikavunjika.

Msasa alikuwa kimya. Nilingoja anitaje. Aliposimama, hakunitaja. Alisema kwamba yeye alimshuku binti wa watu ana undugu na orodha, na ametazama jinsi binti huyo na mwalimu wa uashi walivyokaa wakipiga simu wiki nzima kuwapunguza wanafunzi wao wenyewe, na shaka hiyo ameitoa. Aliyasema hayo huku akitazama dirisha, kwa sauti ileile ya kukwaruza. Kisha akapendekeza kura: kila anayefungua fomu apate mpangilio wake, kompyuta ichanganye yenyewe kama karata.

Wote wakakubali. Mimi pia. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika kichwani.

Nilikuwa nimepanga kumchukia mwaka mzima.

Jumanne, 24 Machi

Karata zinachanganyika. Ni nzuri mno. Nimeifungua mara kadhaa kwa raha tu, kuona ushonaji ukiwa juu, kisha simu, kisha rangi.

Jumatano, 25 Machi

Nimezima karata.

Asubuhi ujumbe ulianza kumiminika. Aliyetaka magari amepata upishi. Aliyetaka upishi amepata uchomeleaji. Nikavaa viatu nikakimbia kwa Bwana Kopi, na nikamkuta kama nilivyohofia: vidole vinakimbia, macho yako kwa mteja. Alikuwa amekariri. Magari ni ya nne, umeme ni wa tano. Anashuka hatua zake bila kutazama, anabonyeza. Orodha ikibadilika, vidole vyake havina habari.

Nilimwambia taratibu. Akageuza skrini, akafungua orodha mara tatu, mara tatu ikaja tofauti. Alitoa kofia. Akasema amejaza hamsini na kitu tangu jana, na wote ni watu waliomwamini. Akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akakaa nami kuwapigia mmoja mmoja. Hakutaka nimsaidie kuomba radhi. Alisema hiyo ni yake.

Nimejifunza kitu leo: orodha isiyotulia haimsaidii mtu yeyote. Mtu akikizoea kitu, mahali pake ni sehemu ya jina lake. Lazima ikae mahali pamoja. Ila ikae vipi?

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Orodha imerudi kwenye alfabeti. Siku ya kufunga ni tarehe kumi ya mwezi ujao.

Ijumaa, 27 Machi

Nimepata. Nimepata. Naandika nikiwa bado nimelowa.

Nilikwenda dukani kwa Bwana Kopi, nikakaa kwenye kigoda nyuma yake, siku nzima, kusikiliza. Si kutazama skrini. Kusikiliza watu wanavyosema wakifika. Na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyesema jina lililo kwenye orodha yangu. Wanasema: niwekee cherehani. Niandikie ya magari. Ile ya bomba. Ya mapishi. Bwana Kopi ndiye anayetafsiri kichwani, kutoka lugha yao kwenda lugha yangu, mia kwa siku, ndiyo maana alikuwa amekariri.

Mchana aliingia mwanamke kijana mwenye chokaa kwenye kucha. Anabeba zege kwenye majengo, amechoka kubebea watu, anataka awe fundi mwenyewe. Akasema: "Niwekee ya ujenzi." Bwana Kopi akashusha orodha mpaka chini, akapandisha, akasema ya ujenzi haipo, labda rangi, rangi nayo ni mambo ya nyumba. Mwanamke akasita. Akasema basi, rangi.

Nilisimama ghafla, kigoda kikaanguka. Nilimwuliza Bwana Kopi ni wangapi wamemwambia ujenzi. Akajikuna kichwa. Wengi, akasema. Wengine amewapeleka rangi, wengine useremala, wengine wamekwenda nyumbani.

Walikuwepo wakati wote. Walikuwa wanamtafuta mama mdogo na mimi nimemficha nyuma ya neno. Nilimweleza yule mwanamke kwamba uashi ndiyo ujenzi anaoutaka. Akalitamka neno mara mbili, kama anayeonja dawa, akasema basi liandikwe hilo. Nikatoka nikakimbia kwenye mvua, mwavuli nimeuacha dukani.

Jumamosi, 28 Machi

Nilidhani atafurahi.

Tulikuwa mezani, chai ya asubuhi, mvua inapiga bati mpaka tunanyanyua sauti. Nilimpa wazo: tuandike majina ambayo watu wanayatamka. Bomba, Cherehani, Kuchomelea, Magari, Mapishi, Mbao, Rangi, Simu, Ujenzi, Umeme. Kwa alfabeti bado, lakini sasa alfabeti ina kazi, kila jina linakaa mbali na mwenzake, na mtu anaenda moja kwa moja kwenye lake.

Alisikiliza, akaweka kikombe.

"Ujenzi kila mtu anajiita," alisema. "Aliyesimamisha banda la kuku anajiita fundi ujenzi. Nilipokuwa nasoma, darasa zima wanaume, mwalimu alikuwa akiniita msaidizi. Mwaka mzima. Siku ya mtihani alizunguka ukuta wangu, akaweka pimamaji huku, akaweka kule, akaning'iniza timazi kwenye pembe, akakosa la kusema. Ndipo akaniita mwashi. Sasa unataka kunivua hilo."

Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote kama mtu asiyehitaji chochote, mtu wa kubeba ndoo mbili pale wengine wanapobeba moja. Na kumbe neno moja lilikuwa linambeba yeye.

Nikamwambia habari ya mwanamke mwenye chokaa kwenye kucha. Nilimweleza alivyosita, na alivyosema basi, rangi. Mama mdogo aliniuliza ana mikono ya namna gani. Nikasema mikubwa, yenye mikwaruzo, kama yake. Akauliza kama amekwisha kupelekwa rangi. Nikasema nilimwahi.

Akanywa chai iliyokwisha kupoa.

"Na huo Ujenzi utakaa wa ngapi?"

Hapo ndipo nilipotaka kudanganya. Ningeweza kuuita Kujenga, ukapanda juu. Ningeweza kuufanya vyovyote, orodha ni yangu. "Wa pili kutoka chini," nikasema.

Alicheka kwa pua. Alikuwa wa kwanza kabisa, kisha hakuwa na watu, na sasa nampeleka karibu na mwisho na kumwahidi watu. Akasema mimi ni mwanasiasa.

"Wao wanasema ujenzi?"

"Wote, mama mdogo."

"Basi andika wanachosema."

Jumatatu, 30 Machi

Mkuu amekubali. Walimu wamekubali, isipokuwa Msasa, aliyesema yeye si muuza mbao. Tulikubaliana juu ya "Mbao na fanicha" baada ya nusu saa, na nadhani alifurahia kila dakika. Kwenye vyeti majina ya zamani yanabaki; kwenye fomu ni maneno ya watu.

Orodha mpya iko hewani.

Jumanne, 31 Machi

Ujenzi: mmoja. Nimeruka kama mwendawazimu.

Alhamisi, 2 Aprili

Wengine wawili. Wote wameifungua orodha, nimehakikisha.

Jumamosi, 4 Aprili

Mama mdogo hataki kuuliza, kwa hiyo nasema mwenyewe, kana kwamba naongea na sufuria. Leo niliiambia sufuria: benchi mbili na kidogo. Akaendelea kukata vitunguu, ila polepole.

Jumanne, 7 Aprili

Msasa amekuja ofisini kuuliza hali ya ujenzi. Si mbao zake, ujenzi. Nikamwuliza kwa nini anajali. Akaniona mjinga.

"Wakiufunga, milango yangu nitaipachika kwenye nini? Kwenye hewa?"

Akaongeza, akiwa tayari nje, kwamba ukuta wa kituo cha afya ndio ukuta pekee ambao fremu yake iliingia bila kupigwa patasi. Nilimkimbilia nikamwuliza kama amewahi kumwambia mwenyewe. Akasema watu wazima hawaambiani hayo. Nimekwenda nikamwambia mimi.

Mama mdogo aliomba nirudie.

Ijumaa, 10 Aprili

Siku ya kufunga. Naandika Jumamosi asubuhi kwa sababu jana sikuweza kushika kalamu.

Tulianza tukiwa tumepungukiwa na watatu kufika nusu. Mpaka saa sita akaingia mmoja. Saa nane mvua ikageuka kuwa nyingine kabisa, anga likanguruma, na umeme ukakatika mtaa mzima. Usajili ulikuwa unafungwa saa kumi na moja. Nilitazama ng'ambo ya barabara: duka la Bwana Kopi limejaa watu wamesimama gizani, bahasha zimefunikwa kwa mifuko, na yeye yupo mlangoni na mikono kiunoni.

Nilimwomba Mkuu asogeze muda. Alisema muda umetangazwa, akiusogeza kwa wa leo, wa jana watauliza. Alikuwa na haki na nilimkasirikia.

Ndipo nikasikia kelele za magurudumu. Msasa anavuka uwanja, amejifunika gunia, anasukuma toroli la mama mdogo lenye jenereta ya karakana ya useremala. Nyuma yake mama mdogo mwenyewe, ameshika turubai juu ya mashine, wote wawili wameloa mpaka kwenye mifupa, wanagombana ni nani anayesukuma vibaya. Gurudumu likazama getini. Nilitoka mbio bila viatu. Tulisukuma watatu, Bwana Kopi akaja kuvuta kwa mbele, na watu waliokuwa kwenye foleni wakatuachia mahali pao pakavu ili mashine isimame.

Ilikohoa, ikakataa. Msasa akaisemesha maneno ambayo sitaandika. Ikakubali. Taa ikawaka na duka zima likashusha pumzi.

Bwana Kopi alijaza kama nilivyomwona siku ya kwanza, ila macho sasa yako kwenye skrini, na kila mtu anamgeuzia aone kabla ya kutuma. Mimi nilikuwa na simu mkononi nikifungua ukurasa wa majina. Magari. Cherehani. Magari. Umeme. Ujenzi. Mama mdogo alikuwa amekaa juu ya ndoo mlangoni, amegeuzia mgongo, hataki kuona. Simu. Mapishi. Mbao, na Msasa akakohoa kwa ushindi. Kisha kijana mrefu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi akainama, akasema kitu, na Bwana Kopi akamgeuzia skrini, akaitikia kwa kichwa.

Nilisoma. Nikasoma tena. Nilimshika mama mdogo bega. Akaniuliza, bila kugeuka, kama ni nusu.

Nikasema ni nusu. Kabla hatujafunga wakaingia wengine wawili.

Jumatatu, 13 Aprili

Muhula umeanza. Kazi yangu imekwisha leo, lakini Mkuu amenitaka nibaki kushughulikia fomu za maktaba, ambako nasikia vitabu vimepangwa kwa rangi ya jalada. Nimesema ndiyo kabla hajamaliza.

Kabla ya saa nne nilichungulia karakana ya uashi. Benchi zina watu, si zote, ila zina watu. Mama mdogo amevaa koti jeupe la kazi, lile analolipiga pasi kila Jumapili na kulirudisha kabatini. Alikuwa akiwauliza mmoja mmoja wamefikaje hapa, na niliona kwamba anauliza akiwa amejikaza, kama mtu anayebonyeza jino linalouma.

Mmoja alisema mjomba wake ana kampuni. Mmoja alisema anataka kumjengea mama yake. Akafika kwa mwanamke mtu mzima wa benchi ya mbele, mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi. Huyo hakuwa na maelezo mengi. Alisema alijaza mwenyewe, kwenye simu ya mwanawe, na orodha ilipofunguka alikuta bomba, akakuta cherehani, akazipita.

"Nilizipita zote nane, mwalimu," alisema. "Nilikuwa natafuta hii."

Mama mdogo alimwomba arudie, kwa sauti, maana wa nyuma hawajasikia.

Nyuma kabisa, mlangoni, nilikuwa nimesimama mimi.